Msiba unambadilisha mtu, au unatoa nje kilichokuwa ndani siku zote?

Mrina wa Kibosho
Wakuu habari za jioni.

Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, tukamzika nyumbani Kibosho kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, pembeni ya mzee. Sijaja kuomba pole, pole nilipewa za kutosha. Nina swali.

Kabla ya hapo mimi ndo nilikuwa mtu wa misiba. Ofisini, mtaani, kwenye kikundi chetu cha wana Kibosho tulioko Dar, ukisikia fulani kafiwa ujue mimi ndo nashika daftari la michango, natafuta maturubai na viti, naongea na watu wa jeneza, nakodi Coaster, saa nane za usiku tupo Chalinze na mwili na bado natania watu wasilale. Sasa hivi siwezi. Likija tangazo la msiba kwenye grupu nalipita kama sijaliona. Jirani yangu ukuta kwa ukuta kafiwa na mumewe mwezi uliopita, nikatuma rambirambi kwa simu na sikwenda, ilhali kwaya naisikia nikiwa kitandani. Mke wangu anasema anaishi na mtu asiyemjua. Wanakikundi wanasema najisikia siku hizi.

Dada yangu tumbo moja kaenda upande mwingine kabisa. Alikuwa mpole mpaka anakera, hata kitambaa cha kushona alikuwa anasubiri mama amchagulie. Arobaini ilivyopita tu akaacha kukaa dukani kwa shemeji, sasa hivi ananunua ndizi Moshi anashusha Mabibo, anagombana na madereva wa Fuso kama mwanaume mwenzao na kicheko chake unakisikia kutoka barabarani.

Mama mmoja, kaburi moja. Sasa msiba umetubadilisha au tulikuwa hivi toka zamani ila mama ndo alikuwa anatushikilia? Na je mtu hurudi alivyokuwa?

Mchele wa Kyela
Nimewahi siti ya mbele leo.

Sauti ya Jangwani
Pole mkuu. Hii kitu ishafanyiwa utafiti na Wazungu zamani sana, msiba una hatua tano, kwanza unakataa, pili unakasirika, tatu unaanza kujadiliana na Mungu, nne huzuni nzito, tano unakubali. Wewe umekwama ya nne, dada ako keshafika ya tano. Tulia tu utafika na wewe, usiruke hatua.

Kaka Sufuria
Asiruke hatua kwani anapanda Uhuru Peak? 😂

Nesi wa Zamu ya Usiku
@Sauti ya Jangwani hapo naomba niweke sawa maana hii ya hatua tano inazunguka sana. Aliyeileta ni daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, alikuwa anafanya kazi Chicago, kitabu chake kilitoka 1969. Wale aliokuwa anakaa nao na kuongea nao walikuwa ni wagonjwa wanaokaribia kufa wao wenyewe. Sio wafiwa. Yaani ni mtu anaambiwa huponi, anapokeaje. Watu wakaja kuichukua wakaivalisha kwa waliofiwa na ikageuka kama ratiba, matokeo yake mtu asipolia kwa mpangilio anaonekana ana kasoro.

Kuna watafiti wawili wa chuo kikuu huko Uholanzi, Stroebe na Schut, mwaka 1999 waliandika kitu ambacho mimi wodini nakiona kila siku. Wanasema mfiwa anakwenda na kurudi. Leo yupo kwenye huzuni, kesho yupo kwenye ada za watoto na kodi ya nyumba, kesho kutwa karudi kwenye huzuni, na kote kuwili ni kuomboleza. Mwenye shida ni yule anayeganda upande mmoja tu.

Sauti ya Jangwani
Sawa nesi ila umekata stori katikati. Huyohuyo mama na mwenzake David Kessler waliandika kingine kilichotoka 2005, na hicho kinahusu wafiwa moja kwa moja. Kwahiyo usiseme walivalishwa na watu, kaivalisha mwenyewe.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kilitoka akiwa keshafariki, alikufa 2004. Na humohumo wanasema hizo hatua hazikukusudiwa kuzipanga hisia za watu kwenye mafungu. Tuendelee.

Kaka Sufuria
Nesi kaja na nondo leo, Jangwani kaa pembeni upoe.

Mzee wa Loliondo Kuu
Vijana mnakwenda mbali mno, mpaka Uholanzi. Wewe Mrina mama yako alipokuwepo ulikuwa mtoto hata kama una ndevu. Ukiwa na jambo unampigia, anakwambia fanya hivi, na hata usipofanya umeshasikia sauti ya mkubwa. Sasa baba hayupo, mama hayupo, ukoo ukikaa kikao wanakuangalia wewe unasema nini. Huo ni mzigo mpya. Ni kawaida mtu kunyamaza akipewa mzigo mpya. Mimi nilipofiwa na wazazi wote nilikaa muda mrefu sipendi mtu aniite baba mbele za watu.

Na uniambie, wewe ni wa ngapi kuzaliwa?

Mrina wa Kibosho
Shikamoo mzee. Mimi ndo wa mwisho.

Mzee wa Loliondo Kuu
Marahaba. Basi umejijibu. Kwa Wachaga wa mwisho ndiye anarithi nyumba ya wazazi. Wewe upo Dar na nyumba ya mama yako imefungwa. Kinachokutafuna ni ile nyumba.

Pesa Mbele
Ahsante mzee umesema nilichokuwa nakitafuta. Wakuu tuache unafiki, asilimia kubwa ya hizi "nimebadilika baada ya msiba" ni mirathi. Mmegombania nini huko? Kihamba? Nyumba? Nimekaa mahakama ya mwanzo kwa shughuli zangu nyingine nimeona ndugu waliolia pamoja wakigaragara kaburini, mwezi haujaisha wanabishana nani awe msimamizi wa mirathi na nani kaficha cheti cha kifo. Marehemu anatulia, kufa kufaana kunaanza.

Mrina wa Kibosho
Hatujagombana. Hilo niliweke wazi kabisa. Nyumba ipo, ufunguo upo kwa jirani, dada kasema chukua. Mimi ndo siendi.

Pesa Mbele
Kwanini huendi?

Kaka Sufuria
Pesa Mbele kwani wewe ni hakimu 😂

Mzaramo Halisi
Mimi nina maoni tofauti na wote. Tatizo lenu misiba yenu haina watani. Kwetu Kisarawe baba mkubwa alipofariki, watani zetu Wanyamwezi walikuja, mmoja mama wa makamo hivi, kaingia ndani kavaa koti la marehemu na baragashia yake, kachukua na fimbo, akatoka uani anatembea kama yeye kabisa, ule mguu wa kushoto anauburuza vilevile, anafika kwa mama mkubwa anamwambia "we mwanamke chai iko wapi, mbona umekaa tu unalia utafikiri kuna mtu kafa." Uani kote kimya sekunde moja halafu mama mkubwa akacheka. Kacheka mpaka kanga imeanguka. Halafu ndo akalia sasa, kilio ambacho toka asubuhi kilikuwa kimekwama. Kaburini mwingine karuka ndani kalala, anasema hatoki mpaka apewe hela ya soda, wazee wanatoa noti wanamtukana.

Sasa nyie mnapiga picha za sare, MC anasema "familia isimame", mnafuata ratiba mpaka saa kumi mmemaliza, Jumatatu kazini. Kitu kinabaki humu ndani kinatafuta pa kutokea. Mrina kwako kimetokea kwa kunyamaza, kwa dada ako kimetokea kwenye Fuso.

Mchele wa Kyela
Hela ya soda kaburini 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia

Mpare Mgumu
Mrina sisi Wapare ndo watani zenu na mama yako hatukualikwa, ndo maana unateseka. Ungetuita tungekubana bei ya jeneza mpaka ungesahau kulia.

Mrina wa Kibosho
Mpare akija msibani anakuja kula na kubeba kiporo, tunawajua nyie.

Mpare Mgumu
Unaona, kaanza kuchangamka. Dozi kutwa mara tatu.

Mtumwa wa Mshahara
Mzaramo kagusa jambo la Jumatatu kazini. Jamani nani ana muda wa kuomboleza? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 4 zenye malipo, na wametaja kabisa ni nani akifa unapewa, mke au mume, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Basi. Mimi aliyenilea ni mama mdogo, nilimkuta nikiwa na miaka mitatu, mama mzazi simkumbuki hata sura. Mama mdogo kafariki Songea, naenda kwa bosi naomba ruhusa ananiambia huyu hayumo kwenye orodha, chukua likizo yako ya mwaka. Nilichukua. Nikazika, nikarudi, nikakaa kwenye meza yangu. Toka siku ile ile kazi naifanya ila simpendi tena mtu yeyote pale ndani na sijui kama ni msiba au ni ile sentensi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole sana mdogo wangu. Vyote viwili.

Nuru ya Pongwe
Assalam aleykum. Mimi mjane, nipo Tanga, nimesoma toka juu mpaka chini na naona kila mtu anamuangalia Mrina kama yeye ndo kitu kimeharibika. Naomba niseme upande mwingine.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda yangu, miezi minne na siku kumi, na nawaambia ukweli ule muda ulinisaidia kuliko chochote. Sikutakiwa kupendeza, sikutakiwa kwenda popote, hakuna aliyeniuliza "utaanza lini kujichanganya". Watu walijua huyu ana kazi, anaomboleza. Wanakuja wananikuta. Shida imeanza nilipotoka. Nimevaa dera jipya naenda harusini, mashoga zangu wale wale niliokuwa nao kwenye kijumbe, tumezaa pamoja, tumepikiana uji wa uzazi, nikaona kila mmoja anamvuta mumewe pembeni. Nikapiga simu kwa mmoja mumewe ni fundi umeme, nilikuwa na tatizo la luku nyumbani, akanijibu "ntakuja naye". Na alikuja naye, kakaa sebuleni mpaka kamaliza. Kikundi wakaendelea kukutana sikuambiwa. Mawifi wananiuliza nimepata wapi hela ya dera.

Sasa mimi nimebadilika, ndio. Nimekuwa mkali, sicheki hovyo, watoto wanasema mama siku hizi una maneno makali. Lakini anayesema msiba umenibadilisha anakosea njia. Msiba ulinihuzunisha. Walionibadilisha ni watu. Mrina angalia na hilo, labda hukuacha misiba, labda kuna kitu watu walikufanyia kwenye msiba wa mama yako ukakimeza.

Mzaramo Halisi
Dada pole, na eda si siku arobaini? Huku kwetu wajane wengi wanatoka arobaini.

Ustadhi wa Mchana
Hapana, dada yupo sahihi. Al-Baqarah aya ya 234, miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba eda yake inaisha akijifungua. Arobaini ni mila yetu tu watu wa huku. Na asiyekuwa mume, iwe baba, mama, kaka, haizidi siku tatu.

Mombasa Raha 254
Ustadhi hizo siku tatu ni za kujizuia na mapambo, si za moyo. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Msije mkamwambia mtu siku ya nne akae sawa. Huku kwetu kuna mtu aliambiwa hivyo msikitini, hajarudi tena kuswali jamaa.

Ustadhi wa Mchana
Sijasema moyo. Tumekubaliana basi.

Mrina wa Kibosho
@Nuru ya Pongwe dada umenigusa pabaya. Hakuna aliyenifanyia kitu kibaya. Ila kuna jambo. Siku ya kuzika mimi ndo nilikuwa nagawa sahani. Mazoea. Mtu wa chakula hakuleta vijiko vya kutosha, nikawa nakimbizana na vijiko, nakusanya kwa waliomaliza nawapa mama wa jikoni waoshe. Nimetoka jikoni nakuta wanafukia. Sikutupa udongo. Na hakuna aliyenitafuta, maana kila mtu alijua Mrina yupo anashughulika.

Mchele wa Kyela
Aisee.

Sauti ya Jangwani
Dah.

Mzee wa Loliondo Kuu
Mwanangu.

Mkaazi wa Igoma
Mimi nakuja na kesi yangu, labda itasaidia labda haitasaidia. Sisi kwetu ni Bukoba na baba alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba siku ile ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Mwili haukuonekana. Mnaojua Mwanza mnajua pale Igoma kuna makaburi ya waliopatikana, wengine walizikwa bila kutambuliwa, basi mama alihama Bukoba kabisa akaja kupanga Igoma. Hakusema kwanini. Kila mwaka tarehe hiyo tunaenda, tunasimama tu, maana hatujui kama yupo pale au yupo ziwani.

Mnachouliza kama mtu anabadilika, mama yangu shida yake alikataa kubadilika hata kidogo. Miaka na miaka tunaweka sahani ya baba. Matanga hatukuanua, atayaanuaje wakati hajazika? Ndugu wakasema kachanganyikiwa. Halafu mjukuu wake wa kwanza akazaliwa, kapewa jina la babu, na mama akaanza kumgombeza yule mtoto kwa makosa ya marehemu, "wewe na kuchelewa kwako kurudi". Ndo ikaishia hapo. Sijui niseme alipona au alihamisha. Sasa hivi ni bibi mchekeshaji balaa.

Mrina wewe udongo unao, upo pale Kibosho. Sikulinganishi, nasema tu.

Mtoto wa Pangani Muscat
Mkaazi nakuelewa sana. Mimi nipo Oman nafanya kazi za ndani. Mama amefariki nikiwa huku, mkataba haujaisha, tajiri kasema ukienda hurudi na nyumbani wananitegemea mimi. Wadogo zangu wakanipigia video nikaona jeneza linatoka mlangoni, mtandao ukakata, uliporudi nikaona miguu ya watu na vumbi. Nikaweka simu chini nikaendelea kupiga pasi kwasababu wageni walikuwa wanakuja saa moja. Mpaka leo sijalia. Kwangu mimi mama yupo Pangani, nikirudi ntamkuta. Nikisikia mtu anasema hurudi ulivyokuwa naogopa, maana mimi hata sijaondoka nilipokuwa.

Nuru ya Pongwe
Njoo inbox mdogo wangu, Pangani si mbali na mimi. Ukitua nitakuja kukupokea twende wote.

Mizizi ya Mababu
Nashangaa ukurasa mzima hakuna aliyegusa tambiko. Mrina mama yako hakuagwa na mtoto wake wa mwisho, anayerithi nyumba, halafu nyumba imefungwa giza. Kwa mila hiyo si kitu kidogo. Wazee wa ukoo wakalishwe, pombe ya mbege ipikwe, useme na mama. Dawa ni hiyo, hao Waholanzi wa nesi hawajui kihamba ni nini.

Mlokole Mtulivu
Mizizi acha kumrudisha mtu gizani. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Aombewe tu.

Mizizi ya Mababu
Na Ayubu aliyesema hayo alinyoa nywele akachana na joho lake kwanza. Soma mstari wa juu yake.

Kaka Sufuria
Mizizi na Biblia anayo 😂😂 leo mmeniweza

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mimi sina ugomvi na tambiko wala maombi, nimeona vyote vikisaidia watu. Ila kuna mtu atasoma hapa yupo pabaya zaidi ya Mrina kwahiyo naweka hii. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 wameitaja huzuni ya msiba iliyorefuka kama tatizo la kiafya. Kwao iwe imepita miezi 6, mtu anamuwaza au kumtamani marehemu karibu muda wote, maumivu makali, maisha yamesimama, na iwe imezidi kile ambacho mila na dini yake vinategemea. Wamarekani waliweka ya kwao mwaka huohuo, ila kwa mtu mzima wanataka mwaka 1. Ukijiona humo, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili, usione aibu.

Pesa Mbele
Miezi sita? Miezi sita kwetu hata vikao vya ukoo havijaisha. Hao wanataka kuuza vidonge.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimeandika "mila na dini yake", umesoma au umeona namba tu? Na tiba yake kubwa ni mazungumzo.

Mrina wa Kibosho
Kwahiyo nesi mimi mgonjwa?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Unakula? Unalala? Kazini unaenda na unafanya?

Mrina wa Kibosho
Nakula mpaka mke analalamika. Kulala nalala. Misiba tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi mimi siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa kukataa kugawa sahani.

Daftari Lililochanika
Nimtetee dada mtu maana wote mmemuacha kana kwamba yeye ndo mzima na Mrina ndo mgonjwa, au wengine mnaona kicheko chake ni cha kujificha. Kuna profesa Columbia, George Bonanno, kafuatilia wafiwa kwa miaka mingi, akakuta wengi tu wanaumia na wanaendelea na maisha bila kuanguka, na hao hawana moyo wa jiwe. Mimi nilifiwa na baba na sikuanguka. Ndugu zangu wakaniweka kikao eti kwanini silii, hivi nilikuwa nampenda kweli? Nilimuuguza mimi. Nilimuogesha mimi. Kilio nilishakimaliza akiwa hai.

Na kuhusu mpole kuwa mkali, inawezekana dada alikuwa ananyamaza ili mama asipate presha. Presha ya mama ikiondoka, na ukimya hauna kazi tena.

Tumbiri wa Soni
Hiyo ya kunyamazia presha ya mama ni kwangu kabisa. Mimi niliacha dini, nikaacha mchumba, nikaacha na chuo, vyote baada ya mama. Kumbe vyote vilikuwa vya mama.

Mlokole Mtulivu
Dini usiache.

Kimya cha Kwetu
Naomba kuuliza na msinitukane. Hivi ukifiwa na mtu ambaye hukumpenda inakuwaje? Baba yangu alikuwa anatupiga, mama alitolewa meno mawili. Kafa mwaka huu. Nilidhani nitalala usingizi mnono. Sasa nashtuka usiku nasikia geti, ndo saa aliyokuwa anarudi, na zamani nilikuwa nashtuka kwa hofu ila sasa hivi nikishtuka nikakumbuka hayupo nalia, halafu najichukia kwa kulia. Watu wananipa pole mitaani naitikia ahsante kama mwizi.

Nuru ya Pongwe
Pole mwanangu, na hii ipokee bila wizi.

Mzee wa Loliondo Kuu
Kijana hili lako ni kubwa kuliko la Mrina, fungua uzi wake peke yake, usilichomeke hapa chini likapotea. Nitakuja.

Kimya cha Kwetu
Ntafungua kesho mzee, ahsante.

Mombasa Raha 254
Kuna kitu kimoja cha kuchekesha niwape. Mzee wangu alipofariki nambari yake sikufuta. Mwaka ukapita, mwezi wa mbolea umefika, kwa mazoea nikamtumia pesa ya mbolea kama kila mwaka. Ikapokelewa! Nikakaa chini. Kumbe laini kapewa mtu mwengine, jamaa wa Bungoma, nikampigia nikamueleza, akasema "pole sana boss, na mimi pia niko na shamba".

Kaka Sufuria
Alirudisha?

Mombasa Raha 254
Nusu.

Mpare Mgumu
Huyo wa Bungoma ni Mpare aliyehama.

Mrina wa Kibosho
😂😂 Wakuu ahsanteni, nimesoma zote. Mzee anasema ni nyumba, Mzaramo anasema ni watani, dada Nuru anasema ni watu, Mizizi anataka mbege. Mimi bado naona kuna kitu hamjakifikia ila siwezi kukitaja. Nimempigia dada nikamsomea ya kwake, kasema huyo Daftari anayesema alinyamaza kwa ajili ya presha ya mama amekosea, yeye alinyamaza kwasababu mimi nilikuwa naongea sana.

Daftari Lililochanika
Nakataa, huyo anakukwepa. Mwambie aje aandike mwenyewe.

Mrina wa Kibosho
Anasema yupo Mabibo na gari linashushwa, hana muda wa wasomi.

Mchele wa Kyela
Ana mshare au mzuzu? Nina mgahawa Mbezi, nahitaji mzigo wa kila wiki.

Mrina wa Kibosho
Mshare. Njoo PM nikupe namba yake, ila jiandae, hapunguzi.

Mizizi ya Mababu
Na mbege je?